Baba Mkwe wa Pwani Ndogo

Mzee Andendekisye hakwenda Iringa kusalimia. Alikwenda kumchukua mtoto wake.

Habari zilikuwa zimemfikia kule milimani juu ya Uyole, katikati ya matuta yake ya viazi, kwamba Brayson, kitinda mimba wake, fundi wa malori pale Ipogolo, amepanga chumba Pwani Ndogo. Sasa, Pwani Ndogo si pwani, na bahari hata kwa ndoto haijafika. Ni mtaa wa nyumba za bati na baraza za saruji ulioanzishwa na wafanyabiashara Waislamu ambao babu zao walitoka Kilwa na Bagamoyo, na jina hilo ulipewa na watu wasioishi humo. Hao wasioishi humo ndio wanaoyajua mambo yake yote. Jailos, mzee mwenzake wa kanisa, ambaye safari yake ya mbali kuliko zote iliishia Makambako, alimweleza kwamba kule kila nyumba inafuga jini kwenye chupa, wanaume wanashinda barazani na vikombe vya kahawa, wanawake hawajui jembe linashikwa upande gani, na kijana akizoea futari yao hakumbuki tena jina alilobatizwa.

Andendekisye hakuwa mtu wa kuamini kila analoambiwa. Aliamini nusu, na hiyo nusu ilitosha kumpandisha basi. Alibeba kiroba cha viazi, mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu, maana hata anayekwenda kugombana hafiki mikono mitupu. Mkewe, Tusajigwe, alimsihi amsikilize mtoto kwanza kabla ya kumkoromea. Akajibu kwamba atamsikiliza vizuri sana, ndani ya basi la kurudi.

Kilichomuuma hasa hakumwambia mtu. Mwanawe mkubwa, Zabron, alikuwa amekwisha kumpotea, na hakupotelea mbali, alipotelea Mbeya mjini. Alikuwa anakuja nyumbani Krismasi na mkewe Joyness. Joyness hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mazoea. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hamwangalii baba mkwe usoni. Akimwona anakuja anajifunika kanga, anaacha njia, anageukia migombani mpaka mzee apite. Na mzee naye kabla ya kuingia uani anakohoa, ili mkwe apate nafasi ya kuondoka. Huko kukimbiana wanakuita ukutila, na hakuna heshima inayoipita. Joyness alimpiga picha baba mkwe wake akiwa na kipande cha ndizi mdomoni, akaituma kwenye kundi la familia. Tangu siku hiyo Andendekisye alijua kwamba kama kuna mkwe atakayemheshimu duniani, atatoka kwa Brayson. Na sasa Brayson naye yuko kwa Waswahili.

Alifika Ipogolo mchana, upepo ukivuma kutoka bondeni na malori ya Zambia yakiunguruma kuutafuta mlima. Brayson alimpokea na mikono yenye grisi, akamwongoza mpaka Pwani Ndogo, nyumbani kwa Matano, mfanyabiashara wa vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, alikopanga chumba cha uani. Andendekisye alitembea akikagua kama bwana afya. Chupa aliziona, za soda. Wanaume wa barazani aliwaona kweli, tena na vikombe, wamekaa mbele ya birika la Habibu muuza kahawa, na alipowasalimia walimwitikia kwa heshima ambayo kidogo ilimkera, kwa sababu hakuwa amejiandaa kwa ajili yake.

Ndipo pale kwenye kona ya nyumba akatokea msichana amebeba beseni la vitunguu. Alipomwona mzee alisimama, akavuta mtandio mpaka ukamfunika uso, akaacha njia, akageukia ukuta na kubaki hivyo bila kutikisika mpaka walipopita.

Andendekisye alimtazama mwanawe. Brayson alikuwa anahangaika na jogoo kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Yule nani?" aliuliza.

"Hanifa, binti wa mzee Matano," alisema Brayson, na akaongeza haraka kwamba viazi vya mwaka huu vinaonekana vizuri.

Hiyo haraka ndiyo iliyomtosha mzee. Kwa maisha yake yote, mwanamke aliyemkimbia namna ile alikuwa mke wa mtoto wake au wa mtoto wa nduguye, basi. Duniani hakukuwa na mwanamke wa aina nyingine anayefanya vile. Kwa hiyo mtoto ameoa. Ameoa kimya kimya, bila ng'ombe hata mmoja kwenda kwa wenyewe, kisha anamzungumzisha baba yake habari za viazi.

Alipaswa kukasirika, na alijitahidi. Alikaa kitandani kwa Brayson akiitafuta hasira yake alikoiacha, lakini kila alipoikaribia alimwona yule binti alivyogeukia ukuta. Tena hakugeuka nusu nusu kama wasichana wa siku hizi wanaochungulia kwa pembeni. Alitila mpaka ukuta wenyewe uliona aibu. Nani alimfundisha? Mtoto wa Kiswahili, wa mjini, ambaye hajawahi kuiona Rungwe kwa macho, anatila kuliko mabinti wa wachungaji. Andendekisye alijikuta anatabasamu peke yake, akaacha haraka Brayson alipoingia.

Ushahidi ukaanza kumiminika. Jioni ile ile Brayson alimchukua jogoo akampeleka kwa Matano achinje, na paja moja likabaki huko. Mzee alitaka kuuliza tangu lini mwanaume mzima anashindwa kuchinja kuku wake, kisha akajijibu mwenyewe: ukweni lazima waonje. Chakula kilipokuja, wali wa nazi umefunikwa na kawa, hakukileta Hanifa. Alikileta bibi yake, Bibi Shufaa, mama mzazi wa Matano, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Andendekisye alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mkwe hampi baba mkwe chakula mkono kwa mkono. Na Matano kila akimwita Brayson alisema mwanangu.

Heshima ikija inadai heshima, na mzee hakutaka kuonekana mshamba mbele ya watu wanaojua adabu. Kila alipotaka kutoka chumbani alikohoa kwanza, kikohozi kikubwa cha kibaba mkwe cha kusikika mpaka jikoni. Akikutana na Hanifa uani aligeuka nyuma papo hapo, akarudi alikotoka, hata kama alikuwa anawahi chooni. Akimwona mwanamke yeyote aliyejitanda kwa mbali, kwa kuwa hakuweza kujua yupi ni yupi, aligeukia ukuta kwa tahadhari. Na kwa kuwa Pwani Ndogo wanawake waliojitanda hawakosekani, mzee alitumia muda mwingi akiwa ameelekea kuta.

Sasa huku mtaani nako kulikuwa na watu wanaomtazama, na walikuwa na sababu. Brayson alikuwa amemwomba Matano kile kiwanja kitupu cha kona, ajenge nyumba na karakana, na Matano alikuwa tayari kumwachia. Lakini Pwani Ndogo kiwanja hakitoki bila wazee wa baraza kukubali, na wazee walisema hawamkubali mtu wasiyemjua kwao. Baba yake aje, wamwone. Habibu muuza kahawa ndiye aliyepinga kwa sauti kubwa zaidi. Aliwahi kukaa Mbeya kipindi kifupi, na tangu hapo alikuwa mtaalamu wa Wanyakyusa. Alisema ni watu wabishi, wanajiona, hawashindwi neno, na ukimpa mmoja kiwanja ujue umewapa ukoo mzima na kwaya juu yake. Kikao kikapangwa Ijumaa baada ya swala. Brayson alikusudia kumweleza baba yake, ila kila alipofungua mdomo alimkuta mzee anakohoa.

Kwa hiyo mtaa ukakaa na kumsoma Mnyakyusa uliyeletewa. Kikohozi wakakipa maana ya kifua kibovu, na Bibi Shufaa akaanza kumletea chai ya tangawizi na asali asubuhi na jioni, ambayo mzee aliipokea kwa macho yaliyolowa, akisema moyoni kwamba ukwe wa namna hii kwao milimani haupo tena. Lakini kule kuwapa watu mgongo kulikosa dawa. Wanawake walilalamika kwa waume zao kwamba yule mzee akiwaona anageuza uso kama ameona uchafu. Wengine walisema anaogopa majini. Habibu alisema haogopi kitu, ni dharau tu za watu wa kule, na akawamiminia kahawa kwa uchungu.

Alhamisi Andendekisye alimbana mwanawe.

"Brayson, una neno la kuniambia?"

Brayson aliinamisha kichwa. "Lipo, tata. Ila naomba usubiri kesho, wazee wakitoka msikitini. Nataka uwepo, useme wewe. Mimi peke yangu hawatanisikiliza."

Mzee alimwekea mkono begani. Jambo la kuoa baba halizungumzi na mtoto ana kwa ana, linapita kwa wazee, na mtoto analijua hilo. Akamwambia asihofu, atasema. Brayson alishangaa kwa jinsi lilivyokuwa jepesi, akalala usingizi mzuri ambao hakuustahili.

Ijumaa baraza lilijaa. Matano alikaa katikati na kanzu yake nyeupe, Habibu pembeni na birika lake, wazee wengine wakapanga viti. Nyuma yao, penye mlango wenye pazia, walikuwa wanawake wa nyumba, hawaonekani, wanasikia kila kitu. Matano alimkaribisha mgeni kwa maneno mazuri, akasema wote wanajua kilichowakutanisha, na kwamba kijana ameonyesha tabia njema, imebaki kumsikia mzazi.

Andendekisye alisimama, akavua kofia.

"Wazee wangu, ndaga fijo kwa kunipokea," alisema. "Mimi nimekuja kuomba msamaha. Mwanangu amechukua binti kwenu bila kufuata njia. Sikumlea hivyo. Ng'ombe watakuja, mkitaka wa kupanda lori watapanda lori. Na huyo binti yenu Hanifa, nasema mbele yenu wote, mkwe kama yeye sijapata kuona."

Kahawa ilikuwa inamwagika kutoka kwenye birika la Habibu kwenda kwenye kikombe kilichokwisha jaa, na hakuna aliyemwambia.

Matano aliweka kikombe chini taratibu sana. "Mzee mwenzangu," alisema, "binti yangu amechukuliwa na nani?"

"Na huyu," alisema Andendekisye, akimwonyesha Brayson, ingawa sauti yake ilianza kupungua nguvu.

Brayson alipiga magoti pale pale kwenye saruji, akaapa kwa Mungu na kwa mama yake kwamba hajawahi hata kumsalimia Hanifa kwa mkono. Alikuwa na kiwanja tu moyoni, alisema. Ni kiwanja, tata, nilitaka useme habari za kiwanja. Habibu alisimama. Alisema si ndiyo haya aliyoyasema, kwamba hata nyumba hajajenga na tayari jina la mtoto wa watu limetupwa barazani kama ganda la muwa. Wazee wawili wakasema kweli.

Andendekisye alielewa kwa mpigo mmoja kila kitu, isipokuwa kile cha kwanza. Alikuwa amekuja kumtoa mwanawe Pwani Ndogo, na sasa, kwa mdomo wake mwenyewe, alikuwa anakaribia kumtoa kweli, na ndipo alipogundua kwamba hataki tena atoke.

"Lakini ananikimbia," alisema, kama mtoto anayejitetea. "Akiniona anajifunika, anaacha njia, anageukia ukuta. Kwetu anayenifanyia hivyo ni mke wa mwanangu tu. Hakuna mwingine."

Nyuma ya pazia kitu kilianguka, sahani au sufuria. Kisha Bibi Shufaa alicheka. Alicheka kwanza kwa kujizuia, halafu kwa kushindwa, akatoka nje akijifuta machoni kwa ncha ya kanga.

"Masikini baba wa watu," alisema. "Hanifa ameposwa, mchumba yuko Mafinga. Tangu aposwe nimemkataza asionekane uso na mwanaume asiye nduguye. Anamkimbia muuza mkaa, anamkimbia fundi bomba, anamkimbia na Habibu huyu. Sasa hao wote ni wakwe zake?"

Andendekisye alikaa chini. Aibu aliyoipata ilikuwa kubwa, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichomchoma zaidi, na kwa kuwa hakuwa na cha kuficha tena akakisema.

"Basi sina mkwe," alisema. "Nilifurahi bure."

Hapo hata waliokasirika walitazama miguu yao. Habibu, ambaye alikuwa bado amesimama na hasira haijui iende wapi, aliuliza kuhusu kile kikohozi. Mzee akaeleza kwamba baba mkwe hukohoa kumpa mkwe nafasi ya kuondoka. Habibu akauliza kuhusu kuwapa watu mgongo. Mzee akaeleza kwamba hakujua yupi ni Hanifa, akaona heri awapishe wote kuliko kumkosea mmoja.

"Sisi tulidhani unatudharau," alisema Habibu.

"Na mimi niliambiwa mnafuga majini," alisema Andendekisye. "Nimeangalia kila chupa."

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke, na kikohozi chenyewe kikawaponza wengine. Matano peke yake hakucheka. Jina la binti yake lilikuwa limetajwa hadharani, na yeye ndiye baba. Bibi Shufaa alilijua hilo, akasogea mpaka mbele ya kiti cha mwanawe.

"Matano, nikuulize. Huyu mzee tangu amefika, amemwangalia mjukuu wangu usoni hata mara moja?"

"Hapana, mama."

"Amempisha njia?"

"Amempisha."

"Nyie mnaoshinda hapa barazani," alisema, akiwageukia wazee wote pamoja na Habibu na birika lake, "mtoto huyu akipita na beseni la vitunguu mnamkodolea mpaka anapotea kwenye kona. Nani kati yenu amewahi kugeuka? Leo amepatikana mtu wa kumpisha mtoto wetu, ametoka milimani, Mkristo, na mnataka kumfukuza na mwanawe."

Kila mmoja alikuwa anajaribu kukumbuka mara ya mwisho alipogeuka, na hakukumbuka. Matano akamwambia Brayson ainuke, anachafua suruali, na kwamba Jumatatu watakwenda wote wawili kupima kiwanja. Habibu alimimina kikombe kipya akampa mgeni kwanza kabla ya wote. Alisema hata hivyo kwaya bado haijaruhusiwa.

Andendekisye aliondoka kesho yake asubuhi, peke yake, bila mtoto aliyemfuata. Brayson alibeba kapu la vitunguu na pilipili manga alilofungiwa Tusajigwe. Walipotoka uani mzee alikohoa kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba hana tena haja ya kukohoa, akaona haya.

Lakini pale kwenye kona alisimama Hanifa. Akavuta mtandio, akageukia ukuta. Hilo lilikuwa la kawaida yake. Mbele kidogo, mlangoni kwake, mke wa Habibu, mtu mzima mwenye wajukuu, aliacha kufagia, akajifunika kanga uso mzima, akageukia ukuta. Jirani yake naye akageuka. Waliokuwa wanateka maji bombani waliacha ndoo zao zifurike, wakageuka. Mtaa mzima, upande huu na upande ule, wanawake wa Pwani Ndogo walikuwa wameelekea kuta, mabega yakiwatikisika kwa kicheko, na wa mwisho kabisa, pale barabara ya malori inapoanza, alikuwa Bibi Shufaa mwenyewe, ambaye kwa umri wake angeweza kuwa shangazi yake, amejitanda na kugeukia mti wa mkrismasi.

Baba mkwe hawaangalii wakwe zake. Andendekisye alivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akainamisha kichwa, akapita katikati yao akikohoa kushoto na kulia kwa sauti yake yote, na kwa hiyo hakuweza kumuaga hata mmoja. Brayson alisema baadaye kwamba baba yake alikuwa analia, lakini mzee mwenyewe anashikilia kwamba ulikuwa upepo wa Ipogolo.

Jumapili, baada ya ibada, Jailos alimsubiri nje ya kanisa pamoja na wazee wengine, wote wakiwa na hamu. Walimwona amerudi bila kijana, wakajua mambo ni mabaya. Jailos alimuuliza kwa sauti ya msiba, hao wanawake wa kule, ni kweli wako vile wanavyosemwa?

"Sijui, ndugu yangu," alisema Andendekisye. "Mimi kule siruhusiwi kuangalia. Wote ni wakwe zangu."